Daftari la Pwani

Watu wa Ulaya huugawanya mwaka wao mafungu manne. Baada ya baridi kali na theluji huja majira ya kuchipua, wakati miti itoapo majani mapya na ndege wajengapo viota. Na baada yake huanza majira ya joto. Sisi tukaao pwani ya Afrika ya Mashariki hatuna theluji wala majira ya kuchipua. Mwaka wetu huamriwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, nayo hutuletea joto na bahari tulivu. Kusi huvuma tangu Aprili au Mei mpaka Septemba, nayo huja na mawimbi makubwa. Kati ya pepo hizo kuna siku za maleleji, ambapo upepo hugeuka-geuka, na ndipo mvua za masika huanza kunyesha.

Walakini miezi ile ile ambayo kwa watu wa Ulaya ni ya kuchipua na ya mwanzo wa joto, yaani Machi mpaka Juni, ndiyo miezi ambayo pwani yetu ina mambo mengi ya kutazamwa. Wageni wengine huondoka, na wengine hufika. Mtu apitaye haraka haoni kitu ila mchanga na maji. Mtu asimamaye akatazama, huona safari kubwa zikianza na kukoma mbele ya miguu yake.

Mimi nakaa karibu na Watamu, katika pwani ya Kenya. Upande mmoja tuna bahari na miamba yake, ambayo tangu mwaka 1968 ni hifadhi ya taifa. Upande wa pili tuna hori ya Mida, yenye mikoko pande zote na matope mapana maji yanapokupwa. Kila mwaka ifikapo Machi nanunua daftari moja la shule, na kila siku niendapo pwani naandika humo niliyoyaona: tarehe, saa, hali ya maji, upepo, na hesabu ya viumbe. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakisema juu ya duka na biashara. Lakini mimi naona neno hilo lafaa pwani vile vile. Viumbe vya bahari ni mali yetu sote, nasi hatuwezi kujua kama mali hii yazidi au yapungua, ikiwa hapana mtu aihesabuye.

Basi, sikilizeni niliyoyaandika katika daftari la mwaka 2025.

Kurasa za kwanza ni za ndege. Katika miezi ya kaskazi matope ya Mida hujaa ndege wadogo wanaokimbia-kimbia ukingoni mwa maji, wakichoma matope kwa midomo yao kutafuta minyoo na kaa wadogo. Watu wengi huwaita wote vitwitwi, bila kuwapambanua. Kati yao yuko mmoja ambaye mdomo wake umepinda kidogo kuelekea chini. Mwezi wa Januari kifua chake ni cheupe. Lakini mwezi wa Machi ukiisha, hutoka manyoya mapya mekundu kama tofali lililochomwa, na hata mwezi wa Aprili ndege mwenyewe ni kama amebadili nguo. Wakati huo huo hula kwa bidii sana mchana na usiku, kila maji yanapokupwa, mpaka mwili wake huwa mnene kwa mafuta.

Kwa nini hufanya hivyo? Kwa sababu ana safari. Ndege huyu, ambaye uzito wake hautimizi gramu 100, huruka kutoka kwetu mpaka ncha ya kaskazini ya Urusi, katika nchi ya Siberia, mwendo upitao kilomita 8,000. Huko theluji huyeyuka mwezi wa Juni, wadudu hujaa, na jua halitui. Huko ndiko ajengako kiota na kulea watoto wake. Majira ya baridi yakikaribia, hurudi kwetu. Mafuta yale aliyoyapata katika matope ya Mida ndiyo masurufu yake ya njiani.

Siku ya Aprili 6 nilihesabu ndege 312 wenye vifua vyekundu mahali pamoja. Siku ya Aprili 20 nilihesabu 140. Siku ya Aprili 29 walibaki 23. Jioni moja kati ya siku hizo niliona kundi lao likiondoka. Jua lilikuwa likitua. Wakaruka wote pamoja, wakazunguka mara mbili juu ya mikoko wakiitana, kisha wakapanda juu sana wakaelekea kaskazini, wala hawakurudi. Wale wachache wanaobaki aghalabu ni wachanga wa mwaka wa kwanza, ambao hawajafikia umri wa kuzaa; hao hukaa nasi masika yote.

Yuko na ndege mwingine wa Mida, mwenye rangi nyeupe na nyeusi, miguu mirefu, na mdomo mnene mweusi wenye nguvu ya kuvunja gamba la kaa. Huyu haendi mbali kama yule. Huenda mpaka pwani za Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, na huko huchimba shimo refu mchangani, akataga ndani yake yai moja jeupe. Joto la mchanga wenyewe humsaidia kulihifadhi.

Nimewaeleza haya ili mpate kufahamu jambo moja. Mtoto atupaye jiwe katikati ya ndege hawa, au aachaye mbwa wake awafukuze, hudhani ni mchezo tu, kwa kuwa haoni damu wala maiti. Lakini kila ndege anaporuka kwa hofu hutumia mafuta yake, na saa za kula humpita. Akifukuzwa mara nyingi, ataondoka na masurufu pungufu, naye hawezi kununua mengine njiani.

Mwezi wa Mei ulipoanza, ndege walikuwa wamekwisha kwenda na kusi ilikuwa imekaza. Mvua ilinyesha karibu kila siku. Ndipo wakaja wageni wa pili, nao ni kasa.

Kasa hukaa baharini maisha yake yote, akila majani yaotayo chini ya maji. Dume, akiisha kuingia baharini siku ya kuanguliwa kwake, kwa kawaida hakanyagi tena nchi kavu. Lakini jike, akiwa amefikia utu uzima, na pengine huchukua miaka 20 mpaka 40 kufikia, hurudi katika pwani za upande ule ule alikozaliwa, akapanda mchangani usiku ili atage. Katika majira moja hutaga mara kadhaa, akipumzika yapata siku 14 kati ya mara na mara. Kisha hukaa miaka miwili au zaidi kabla ya kurudi tena.

Usiku wa Mei 2 nilikuwa pwani pamoja na mjomba wangu, ambaye alikuwa mvuvi siku nyingi na sasa ni mzee. Mwezi ulikuwa mchanga, nao ulikuwa umekwisha kutua. Tulikaa chini ya mkadi bila taa, maana mwanga humtisha kasa akarudi baharini bila kutaga. Yapata saa sita tukaona kitu cheusi kikitoka majini polepole. Alikuwa kasa mkubwa. Alijikokota hatua chache, akapumzika, akavuta pumzi kwa sauti kama mtu aliyechoka, kisha akajikokota tena. Nyuma yake aliacha mkokoto mpana, kama wa mtumbwi ulioburutwa.

Tulingoja mpaka amekwisha kuchimba. Kwanza alijifanyia shimo pana la kulala, kisha kwa miguu ya nyuma akachimba shimo jembamba lenye kina cha mkono wa mtu mzima, umbo lake kama mtungi. Alichota mchanga kwa mguu mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu mkubwa, ingawa hawezi kuona nyuma. Alipoanza kutaga, mayai yalianguka mawili mawili, meupe, ya mviringo kama mipira midogo. Machozi yalimtoka machoni. Watu husema alia kwa uchungu. Lakini kwa kweli ndiyo njia yake ya kutoa chumvi mwilini. Alipokwisha alifukia shimo, akatupa mchanga huku na huku ili kuficha mahali pake, akarudi baharini.

Hapo mjomba akainuka, akatazama mstari wa majani makavu ulioachwa na maji, akatikisa kichwa. "Amekosea mahali," akasema. "Leo twaelekea maji mafu, ndiyo maana mchanga huu ni mkavu. Lakini mwezi ukipevuka, maji ya bamvua yatafika hapa. Mayai yote yatazama."

Tulikuwa bado twasemezana, akaja mvuvi mmoja jirani yetu mwenye kikapu mkononi. Alikuwa ameuona mkokoto. Alitusalimu kwa adabu, "Shikamoo, mzee," na mjomba akaitikia. Kisha akaniambia mimi: "Mwalimu, leo siku ya sita mtumbwi wangu haujashuka majini kwa sababu ya kusi. Nyumbani nina watoto wanne. Nimesikia maneno ya mzee, kwamba mayai haya yatachukuliwa na bahari. Je, si afadhali yaliwe na watu kuliko kuoza mchangani?"

Wasomaji wangu, neno lile halikuwa la mtu mwovu. Lilikuwa neno la baba mwenye njaa nyumbani mwake, nami nilitafuta jibu nisilipate upesi. Ningeweza kumtajia sheria, maana sheria ya Kenya ya mwaka 2013 juu ya wanyama wa porini yakataza kumwua kasa na kuchukua mayai yake. Lakini sheria peke yake haijazi sufuria.

Mjomba ndiye aliyejibu. Akasema, "Mwanangu, maneno yako nimeyasikia. Mimi nilipokuwa kijana nilikula nyama ya kasa, na mayai yake pia. Usiku mmoja tuliweza kukuta mikokoto 10 katika pwani hii, tukadhani haitakwisha. Sasa waweza kukaa usiku mwingi usione hata mmoja. Hapana aliyetuambia kwamba wanapungua, kwa sababu hapana aliyehesabu. Mkulima mwenye njaa hula mahindi yake, lakini akila na mbegu, mwaka ujao atalima nini? Tena mayai haya si lazima yazame. Wako watu wenye ruhusa ya kuyahamisha, nasi tutawaita sasa hivi. Na juu ya watoto wako, twende nyumbani kwangu."

Basi nikapiga simu kwa walinzi wa viota. Katika Watamu kazi hii ilianzwa mwaka 1997 na kikundi kidogo, ambacho leo huitwa Local Ocean Conservation, nacho hufanya kazi pamoja na wenye kusimamia hifadhi ya serikali. Wakati tulipokuwa tukiwangoja, mjomba alikwenda nyumbani na yule mvuvi, akampa nusu ya unga aliokuwa nao na ng'onda wanne. Kisha mvuvi yule hakwenda zake. Alirudi pwani pamoja na mjomba, akasimama nasi.

Walinzi walikuja upesi, maana kazi hii haitaki kuchelewa. Yai la kasa likikaa saa nyingi baada ya kutagwa, kiumbe kilichomo ndani hushikamana na gamba, na ukiligeuza baada ya hapo, hufa. Wakafukua kwa mikono, wakatoa yai moja moja bila kuligeuza, wakahesabu kwa sauti. Yalikuwa 118. Juu zaidi ya mstari wa bamvua walichimba shimo jingine lenye kina kile kile na umbo lile lile, wakayalaza humo. Aliyebeba kikapu cha mayai alikuwa mvuvi yule yule, na kikapu kilikuwa chake. Siku 10 baadaye, mwezi ulipokuwa mpevu, nilikwenda kutazama mahali pa kwanza. Maji yalikuwa yakipita juu yake.

Sisemi kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Kiota kingine tulichokiandika mwezi ule kilifukuliwa na mtu tusiyemjua, na cha tatu kilichimbuliwa na mbwa. Hayo nayo yamo katika daftari. Daftari lisiloandika hasara ni la uongo.

Mayai ya kasa hayalaliwi na mama yake. Mchanga ndio huyatunza, yapata siku 50 mpaka 60. Na joto la mchanga huamua jambo la ajabu. Likipita yapata digrii 29, watoto wengi huwa majike. Likipungua, wengi huwa madume. Kwa hiyo mtu akataye miti na vichaka vyote vya ufukoni, mchanga ukakosa kivuli, huweza kuyabadili mambo yaliyo chini ya mchanga bila kujua.

Usiku wa Juni 27, siku ya 56, mchanga ulianza kutetemeka. Mara kikatokea kichwa kidogo, kisha kingine, kisha vingi kwa pamoja, kama maji yachemkayo. Watoto wa kasa hutoka usiku, mchanga ukiwa umepoa, nao huelekea penye mwanga zaidi. Kwa desturi ya tangu kale mwanga huo ni wa bahari, ambayo usiku ni nyeupe kuliko miti. Lakini penye taa za nyumba, hudanganyika wakaenda nchi kavu, na jua likichomoza hufa au huliwa na kunguru. Kwa sababu hii tulikuwa tumekwenda mapema kuwaomba wenyeji wa nyumba moja ya karibu wazime taa yao ya nje, nao walikubali.

Siku chache baadaye walinzi walifukua kiota, wakahesabu maganda. Mayai 101 yalikuwa yameanguliwa, na 17 hayakuanguliwa. Msidhani kwamba wote 101 wataishi. Kaa, ndege na samaki huwangoja. Watu wa elimu hukadiria kwamba pengine mmoja tu katika 1,000 hufikia utu uzima. Ndiyo sababu kumwua kasa mmoja mkubwa ni hasara kuu: yeye ni yule mmoja aliyepita hatari zote.

Na ulaji wa kasa una hatari nyingine, kwa mlaji mwenyewe. Nyama yake pengine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, wala haijulikani kwa macho, kwa harufu wala kwa ladha. Mwezi wa Machi mwaka 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walipelekwa hospitalini. Mtu akikupa nyama hiyo, hata akiwa ni rafiki, usile.

Mwezi ule ule wa Juni mvuvi jirani yetu alivuta wavu wake akakuta kasa amenaswa, angali hai. Zamani angalimchinja. Safari hii alipiga simu. Watu wa kasa walikuja, wakampima, wakamtia alama, wakamrudisha ndani ya hifadhi. Na mvuvi akapewa fidia ndogo kwa taabu yake na kwa wavu uliochanika, kama ilivyo kawaida yao katika Watamu. Fidia ile haikumtajirisha. Lakini alikuja kwangu jioni akaniambia, "Mwalimu, andika katika daftari lako: kasa mmoja, hai."

Je, kazi kama hii ina faida gani katika dunia kubwa? Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe, IUCN, lilitangaza kwamba kasa wa aina hii, yule alaye majani ya baharini, hahesabiwi tena katika wale walio katika hatari ya kutoweka, maana hesabu yake duniani imeongezeka yapata 28 katika 100 tangu miaka ya 1970. Habari hii ilitokana na watu wengi wa nchi nyingi waliokaa pwani usiku, wakalinda viota na kuandika hesabu. Walakini ng'amba, yule ambaye gamba lake lilitumiwa zamani kwa vitana na mapambo, angali katika hatari kubwa sana. Tena katika sehemu nyingi za dunia kasa wangali wanapungua. Kwa hiyo kazi haijaisha.

Nanyi mwaweza kuianza. Chukueni daftari moja kwa darasa zima. Chagueni mahali pamoja, mkaende siku ile ile ya kila juma, saa ile ile ya maji. Andikeni mliyoyaona, wala msiongeze hata ndege mmoja ili kufurahisha mtu. Mkiona mkokoto wa kasa, msiukanyage wala msichimbe. Waambieni wakubwa wawaite wenye ruhusa. Mkikuta mfuko wa plastiki ufukoni, uokoteni, maana kasa huudhani kuwa yavuyavu, chakula chake, akaumeza. Kenya ilikataza mifuko hiyo mwaka 2017, lakini bahari bado hutuletea ya zamani na ya mbali. Ndege wakila, pitieni mbali.

Mwaka wa kwanza daftari lenu litakuwa hesabu tu. Mwaka wa tano litaweza kusema kama mali ya pwani yenu yazidi au yapungua. Na siku atakapokuja mtu kuwaambia kwamba viumbe wa bahari ni wengi, nao hawatakwisha kamwe, mtaweza kulifungua mbele yake, mkamwonyesha.